Shajara ya Mradi: Kuwafundisha Wanafunzi Kupima Uaminifu wa Tovuti

Kabla ya muhula kuanza

Mradi huu umekabidhiwa walimu wa historia, sayansi na kompyuta pamoja na mkutubi wa shule, na lengo lake limeandikwa kwa sentensi moja: mwanafunzi wa sekondari anayefika kwenye tovuti asiyoijua aweze, kwa muda mfupi na kwa sababu anazoweza kuzieleza, kuamua kama aitegemee, na aitegemee kwa jambo gani. Kipande hicho cha mwisho kiliongezwa baada ya mjadala mrefu, na huenda ndicho kitakachotupa kazi kubwa zaidi.

Tulianza kwa kuipitia orodha ya maswali ambayo imebandikwa ukutani mwa maktaba kwa miaka mingi. Je, ukurasa una jina la mwandishi? Una tarehe? Umeandikwa kwa lugha sanifu? Unaeleza wenye tovuti ni akina nani? Anwani yake inaishia na nini? Orodha za aina hii zina asili ya heshima. Iliyo maarufu zaidi ilitungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa Chuo Kikuu cha California State mjini Chico, nayo hupima mambo matano: upya wa taarifa, uhusiano wake na haja ya msomaji, mamlaka ya mwandishi, usahihi na kusudi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo bure. Shida ni kwamba mwanafunzi huyatafuta majibu ndani ya tovuti ileile anayoitilia shaka, ambako majibu yamewekwa na mwenye tovuti mwenyewe, na huko ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Tarehe inaweza kubadilishwa kila siku kwa programu, jina la daktari linaweza kubuniwa, na muundo wa kupendeza hununuliwa ukiwa tayari.

Utafiti uliotusukuma kubadili njia ni ule wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2017. Waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford na wahakiki 10 wa habari ambao kazi yao ni kuthibitisha yanayoandikwa. Wanahistoria na wanafunzi wengi waliusoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakiutazama nembo, mpangilio na marejeo yake. Wahakiki walikaa hapo kwa muda mfupi sana, kisha wakafungua vichupo vipya, yaani kurasa nyingine kando ya ule wa kwanza, na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile. Walisoma machache zaidi, walitumia muda mfupi zaidi, na hukumu zao zilikuwa sahihi zaidi. Mwenendo huo, ambao sisi tunauita kusoma kwa upande, ndio uti wa mgongo wa mradi.

Jaribio la awali

Tuliwapa wanafunzi kurasa mbili zilizotumika katika utafiti huohuo, bila kuwafundisha lolote kwanza. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilichoundwa mwaka 1930 na chenye wanachama zaidi ya 60,000. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa kupinga msimamo wa chama hicho kikubwa kuhusu wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Majina yanafanana, nembo zote zina heshima, na kila upande una makala yenye marejeo.

Majibu yalifuata njia tuliyoitarajia. Wengi walisifu ukurasa wa kikundi kidogo kwa kuwa hauna matangazo, aya zake ni fupi na mwisho wake kuna orodha ya marejeo, ingawa hakuna aliyeyafungua marejeo hayo. Walioandika kwamba wangependa kujua kundi hilo ni la nani walikuwa wachache, na miongoni mwao wapo waliofungua sehemu inayojieleza ya tovuti hiyohiyo wakaridhika.

Mwalimu mmoja alihofia kwamba somo lingegeuka ubishi kuhusu msimamo wa kila upande badala ya kuhusu chanzo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tulikubaliana kwamba darasani swali litakuwa nani anazungumza, kwa niaba ya watu wangapi, na wenzake katika taaluma hiyohiyo wanamwonaje. Mwanafunzi ana haki ya kubaki na maoni yake kuhusu suala lenyewe, lakini hana ruhusa ya kusema kwamba vyama hivyo viwili vina uzito sawa katika taaluma ya tiba ya watoto.

Anwani, kufuli na sura ya tovuti

Sehemu hii ilikusudiwa kuwa fupi, nayo ikarefuka kwa sababu wanafunzi walikuja na imani ambazo walifundishwa na watu wazima, tukiwemo sisi walimu. Imani ya kwanza ni kwamba tovuti inayoishia na .org ni ya shirika lisilo la faida na kwa hiyo ni ya kuaminika. Kikoa hicho, yaani kipande cha mwisho cha jina la tovuti, kimo miongoni mwa vile vya mwanzo vya mwaka 1985, na mtu yeyote anaweza kujisajili humo akilipa ada, awe mfanyabiashara, mwanaharakati au tapeli. Kwa miaka mingi kundi la wabaguzi wa rangi liliendesha tovuti ya .org iliyobeba jina la Martin Luther King, ikiwa imepangwa ionekane kama msaada wa kazi za shule. Vikoa vya .gov na .edu ni tofauti, kwa kuwa cha kwanza ni cha vyombo vya serikali nchini Marekani na cha pili ni cha taasisi za elimu ya juu zilizoidhinishwa nchini humo. Hata hivyo, chuo kikuu huweza kuhifadhi pia kurasa binafsi za wanafunzi wake, kwa hiyo anwani ya chuo haithibitishi kwamba chuo kinakubaliana na kilichoandikwa.

Wanafunzi walizoezwa kuisoma anwani kuanzia kulia, kwa kutafuta kwanza mahali jina la kikoa linapoishia kabla ya mkwaju (/) wa kwanza. Mfano uliofanya kazi vizuri zaidi ni abcnews.com.co, tovuti ya uzushi iliyosambaa wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016 kwa kuiga jina na nembo ya kituo cha habari cha ABC. Anayesoma kutoka kushoto huona jina analolijua na kuishia hapo, lakini anayeanzia kulia hukutana na .co, ambacho ni kikoa cha nchi ya Kolombia kilichofunguliwa kwa mtu yeyote duniani.

Imani ya pili ni kwamba alama ya kufuli kando ya anwani huthibitisha kwamba tovuti ni ya kuaminika. Alama hiyo ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na tovuti yenyewe yamefichwa kwa siri, asiweze kuyasoma mtu wa katikati. Haikusema chochote kuhusu tabia ya aliye upande wa pili. Tangu huduma ya Let's Encrypt ianze kutoa vyeti bila malipo mwaka 2015, tovuti za matapeli nazo zina vyeti halali. Google waligundua katika utafiti wao wa mwaka 2021 kwamba asilimia 11 tu ya walioshiriki walielewa sawasawa maana ya kufuli, na mwaka 2023 wakaiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome na kuweka nyingine isiyobeba ahadi. Wanafunzi walishangazwa zaidi na habari hii kuliko yote tuliyowaambia hadi hapo. Baadhi walikuwa wamefundishwa kuangalia kufuli kama jambo la kwanza na la mwisho.

Kuhusu sura ya tovuti tulitumia muda mfupi. Makosa ya tahajia na picha mbovu ni dalili za uvivu, na waongo wengi si wavivu.

Kuondoka kwenye ukurasa

Kanuni ya zoezi ilikuwa rahisi: ukifika kwenye tovuti usiyoijua, usiisome kwanza. Fungua kichupo kingine, andika jina la tovuti au la taasisi, soma kile ambacho wengine wanasema, kisha urudi ukiwa na jambo unalolijua. Ilikuwa vigumu kuliko tulivyodhani, na ugumu wenyewe haukuwa wa kiufundi. Wanafunzi hawa wamelelewa katika shule inayowasifu kwa kusoma kwa makini hadi mwisho, na sasa tunawaambia kwamba kusoma kwa makini ukurasa wa mtu usiyemjua kunaweza kuwa kumpa umakini asiostahili. Waliokuwa wasomaji hodari ndio waliopata taabu zaidi kuuachia ukurasa. Mwanafunzi mmoja mwenye alama za juu aliandika tathmini ya kurasa kadhaa kuhusu hoja za makala iliyolipiwa na kampuni inayouza bidhaa iliyosifiwa humo, na hoja zake zote zilikuwa za busara, isipokuwa hakujua nani aliyelipa.

Wikipedia ilizua mvutano miongoni mwa walimu kuliko miongoni mwa wanafunzi. Wapo waliokuwa wakikataza kabisa isitumike, na kuiruhusu sasa kulionekana kama kulegeza kamba. Hoja iliyotuleta pamoja ni kwamba matumizi ni mawili. Kuinukuu kama chanzo katika insha ni jambo moja; kuifungua kwa nusu dakika ili kujua taasisi fulani ilianzishwa lini, na nani, na inapingwa na nani, ni jambo jingine, nalo wahakiki wa habari hulifanya kila siku. Kuhusu usahihi, jarida la Nature mwaka 2005 liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia na Encyclopaedia Britannica wazilinganishe, na wastani wa makosa ulikuwa takriban manne kwa kila makala upande wa Wikipedia na matatu upande wa Britannica, matokeo ambayo Britannica walipinga mbinu yake. Tuliwaonyesha pia wanafunzi historia ya mabadiliko ya makala na ukurasa wa majadiliano ulio nyuma yake, ambako mtu anaweza kuona ni sentensi ipi inagombaniwa. Nakiri kwamba napenda somo hili kuliko mengine, kwa kuwa ni mara chache mwanafunzi hupata nafasi ya kuona maarifa yakibishaniwa hadharani, huku kila mmoja akidaiwa kuleta ushahidi.

Zoezi dogo lililoambatana na hilo lilihusu ukurasa wa matokeo ya utafutaji. Wanafunzi walikuwa wakibofya tokeo la kwanza karibu bila kutazama. Tuliwataka wasibofye chochote mpaka waweze kutaja kwa maneno yao matokeo ya ukurasa wote ni ya akina nani: lipi ni tangazo, lipi ni duka, lipi ni chombo cha habari, lipi ni taasisi inayohusika. Mazoea ya kungoja kidogo kabla ya kubofya yalishika haraka kuliko mazoea ya kuondoka kwenye ukurasa, pengine kwa sababu hayamnyang'anyi mtu kitu alichokwisha anza kusoma.

Pweza aliyeondolewa

Tovuti ya pweza wa mtini, iliyotengenezwa mwaka 1998 kwa mzaha na kudai kwamba kuna pweza anayeishi kwenye misitu ya mvua ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, hutumika sana katika masomo ya aina hii, na sisi pia tulikuwa tumeipanga. Tumeiondoa. Mwanafunzi akigundua uzushi huo hufurahi, lakini anaondoka akiamini kwamba tovuti isiyofaa hujitambulisha kwa upuuzi wake, na kwamba akili ya kawaida inatosha. Tovuti zitakazomdhuru hazisemi mambo ya kuchekesha. Husema mambo yanayokaribia ukweli, kwa sauti ya utulivu, zikiacha tu kutaja nani anayelipa gharama.

Mahali pake tuliweka zoezi linalofanana na lile la kundi la Stanford lililochapishwa mwaka 2019, ambamo wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani walipewa, miongoni mwa kazi nyingine, tovuti inayodai kutoa taarifa za kisayansi kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Asilimia 96 hawakujiuliza kuhusu uhusiano wa tovuti hiyo na makampuni ya nishati ya visukuku. Wanafunzi wetu, wakiwa wamekwisha zoezwa kusoma kwa upande, walifika kwenye uhusiano huo kwa wingi wa kutia moyo.

Shaka iliyovuka mpaka

Hapa ndipo mradi ulipoanza kuwa wa kuvutia, na pia wa kusumbua. Katika mazoezi ya katikati ya muhula tulichanganya kurasa dhaifu na kurasa imara, ukiwemo ukurasa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo na makala ya jarida la kisayansi lenye uhakiki wa wataalamu. Wanafunzi waliziangusha kurasa dhaifu kwa ustadi. Kisha wakaziangusha na zile imara kwa ustadi uleule. Shirika la Afya Duniani linafadhiliwa na nchi na wahisani, kwa hiyo lina maslahi. Jarida linauza usajili, kwa hiyo linataka wasomaji. Mwanasayansi anahitaji fedha za utafiti, kwa hiyo hawezi kuwa huru. Kila sentensi ilikuwa na chembe ya ukweli, na jumla yake ilikuwa kwamba hakuna kinachoaminika popote, hitimisho ambalo mwenye kueneza uzushi angelipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa yeye hahitaji aaminiwe. Inamtosha kwamba wengine wote wasiaminiwe.

Sababu yake, kwa maoni yangu, iko katika namna kazi ilivyokuwa ikipimwa. Zoezi linalompa mwanafunzi alama kwa kila kasoro anayoigundua humfundisha kutafuta kasoro, na kasoro hazikosekani mahali popote. Tumebadilisha mizani. Sasa kukataa ukurasa unaostahili kuaminiwa kunapoteza alama sawasawa na kukubali ukurasa usiostahili, na kila hukumu lazima iambatane na sentensi inayosema ukurasa huu unafaa kutegemewa kwa jambo gani na haufai kwa jambo gani. Tovuti ya mtengenezaji wa betri ni chanzo kizuri kuhusu ukubwa na volti za betri zake, na chanzo kibaya kuhusu ubora wake kulinganisha na za washindani. Tovuti ya chama cha siasa ndiyo mahali sahihi pa kujua chama kinaahidi nini, ingawa si mahali pa kujua kama kilitimiza. Ukurasa wa mhadhiri wa hisabati usio na picha hata moja, wenye maandishi yaleyale ya miaka ya tisini, unaweza kuwa na uthibitisho ulio sahihi kuliko tovuti kumi za kuvutia.

Tuliongeza pia swali kuhusu kile kinachotokea chanzo kinapokosea. Je, kina utaratibu wa kutoa masahihisho? Masahihisho hayo yanaonekana, au makala hubadilishwa kimyakimya? Kuna mtu wa nje anayeweza kukiwajibisha? Chombo cha habari kinachochapisha masahihisho yake kilikuwa, machoni pa wanafunzi, chombo kinachokosea sana, na ilichukua vipindi kadhaa kabla ya darasa kukubali kwamba asiyesahihisha kamwe ndiye wa kuogopwa zaidi. Kwa kazi hii tulitumia Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma na Internet Archive mwaka 2001, ambako mwanafunzi anaweza kulinganisha ukurasa wa leo na ulivyokuwa miaka iliyopita.

Picha na video

Somo hili lilikwenda kwa urahisi, na halihitaji maelezo marefu. Tulifundisha kutafuta asili ya picha kwa kuipakia kwenye injini ya utafutaji, na mfano ulikuwa picha ya papa anayeogelea kwenye barabara kuu iliyofurika, ambayo husambaa karibu kila palipo na kimbunga kikubwa nchini Marekani. Papa huyo alikatwa kutoka katika picha ya kweli ya papa akifuata kayaki baharini. Tulitaja pia video ya utafiti wa mwaka 2019 iliyodai kuonyesha wizi wa kura nchini Marekani ilhali ilipigwa Urusi. Zaidi ya nusu ya wanafunzi 3,446 waliiona ni ushahidi wenye nguvu, na watatu tu ndio waliofika kwenye asili yake. Wetu waliipata asili hiyo upesi, ila ni haki kusema kwamba walijua kuna kitu cha kutafutwa.

Akili unde

Suala hili halikuwamo katika mpango, wanafunzi ndio waliolileta. Badala ya kufungua kichupo kipya na kutafuta, walikuwa wakibandika anwani ya tovuti kwenye programu ya akili unde na kuiuliza kama inaaminika. Jibu hurudi likiwa limepangwa vizuri, lenye pande mbili na sauti ya hekima, na ugumu wake ni kwamba hakuna ukurasa wa kuondokea: haijulikani kila sentensi imetoka wapi. Programu hizi huweza pia kubuni marejeo yasiyokuwapo. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hati yenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT, na tuliisoma habari hiyo darasani.

Hatukukataza. Kanuni tuliyoiweka inasema kwamba mwanafunzi anaweza kuiomba programu imtajie majina, tarehe na maneno ya kutafuta, kisha kila jambo atakaloandika lazima awe ameliona kwa macho yake kwenye chanzo alichokifungua mwenyewe. Wapo wanaoifuata kanuni na wapo wanaofungua chanzo, wakakitaja, bila kukisoma. Bado sijaona njia ya kuwatambua hawa wa pili isipokuwa kuketi nao mmoja mmoja na kuwauliza ni nini kilichokuwa kwenye ukurasa, jambo linalokula muda wa kipindi.

Hali ilivyo mwisho wa muhula

Kuondoka kwenye ukurasa kumekuwa jambo la kawaida darasani pale mwalimu anaposema kwamba leo tunapima tovuti. Katika insha za historia na ripoti za sayansi, ambako hakuna aliyewakumbusha, wengi wanarudi kusoma kuanzia juu hadi chini. Utafiti wa Wineburg na wenzake uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wanafunzi 499 wa sekondari, uliweka vipindi sita vya dakika 50 ndani ya somo la uraia na kuonyesha maendeleo ya wazi kuliko kwa wasiofundishwa, na hilo linatuelekeza kuutoa mradi katika chumba cha kompyuta na kuusambaza katika masomo yenyewe. Walimu wa historia na sayansi wamekubali; mwalimu wa jiografia ameomba kuongezwa.

Upande wa shaka iliyozidi, mizani mipya imeleta nafuu, hasa kwa wale waliokuwa wakikataa kila kitu ili kuonekana werevu. Hata hivyo, baadhi wamegundua kwamba mazoezi yetu huja kwa jozi, ukurasa mmoja imara na mmoja dhaifu, na wakishaupata mmoja huukisia mwingine bila kuupima. Jozi hizo zimefutwa. Mkutubi anaandaa mkusanyo mpya ambamo seti moja inaweza kuwa na kurasa zote imara, nyingine zote dhaifu, na wanafunzi hawataambiwa uwiano kabla ya kukabidhi kazi zao.